Mirashi ya Fedha Yaingia Kalibuni

Tangu mwezi wa Oktoba mwaka 2025, bei ya fedha ilipovuka dola 50 kwa wakia moja katika masoko ya dunia na kukipita kilele kilichokuwa kimewekwa Januari 1980, masonara wa mwambao huu wamekuwa wakiletewa vitu ambavyo zamani havikuwa vikitoka makabatini. Nasema fedha kwa maana ya madini yale meupe, si kwa maana ya pesa, ingawa siku hizi maana hizo mbili zimekaribia kuwa moja. Nimekaa na masonara wawili watatu wa Mji wa Kale wa Mombasa, nikaona kwa macho yangu vikuku, mafurungu, vijaluba, na kile kilichonifanya nishike kalamu leo: mirashi.

Huenda msomaji kijana akauliza mrashi ni nini, kwani nyumba nyingi sasa zatumia chupa ya plastiki iliyotobolewa kifuniko. Mrashi ni chombo cha kunyunyizia marashi. Una kitako, tumbo la mviringo, shingo ndefu nyembamba, na kichwa chenye vitundu mfano wa tumba la ua. Katika maulidi, watu wasimamapo, hupita mtu na mrashi akiwanyunyizia viganjani na vichwani, na nyuma yake chetezo kikifuka udi. Bibi arusi hunyunyiziwa, mgeni hunyunyiziwa, na kaburi jipya nalo hunyunyiziwa. Marashi yenyewe yalikuja na majahazi wakati wa kaskazi, yakitoka Uajemi, ambako mawaridi ya Kashan yasifika, na Omani, ambako mpaka leo watu wa Jabal Akhdar huchuma mawaridi yao kiasi cha Aprili na Mei, wakayapika hata mvuke wake ukageuka maji.

Mimi ni mkusanyaji wa mirashi, na hii ni zaidi ya miaka ishirini. Ninayo ya kioo, ya shaba na ya fedha. Najua kwamba chombo cha fedha kina hukumu yake katika fiqhi, na wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamelisema hilo waziwazi. Nyumba zilizojihadhari zilishika kioo au shaba. Hapa si mahali pa fatwa. Nataka kusema juu ya kile kilichomo mikononi mwa watu na kinachotoweka mbele yetu, tena kwa haraka ambayo sijaiona tangu nianze kazi hii.

Tufanye hesabu. Fedha nyingi ya vyombo vya zamani ilitoka katika reale, ile ya Maria Teresa, ambayo wazee waliiyeyusha kwa sababu waliiamini. Reale moja ina uzito wa gramu 28, na katika kila sehemu 1,000 za uzito huo, 833 ni fedha halisi. Mrashi wa kadiri wenye gramu 250 basi ni reale tisa hivi, na fedha halisi iliyomo haifiki wakia saba. Mwezi wa Machi 2020, wakia ilipoanguka hadi dola 12 hivi, fedha ya mrashi huo ilikuwa na thamani ya kama shilingi 8,000. Kwa dola 50, na dola moja ikiwa shilingi 129, mrashi uleule ni shilingi 43,000. Haukuongezewa nakshi wala kubadilishwa shingo. Umekaa palepale katika kidaka ukiwa na vumbi lake, na thamani ya madini yake imezidi mara tano.

Mwenye kuelewa biashara ataona mara moja balaa iko wapi. Zamani bei ya mkusanyaji ilikuwa juu ya bei ya mizani. Mtu akiniletea mrashi mzuri, nilimpa mara mbili au mara tatu ya uzito wake, naye alikwenda zake ameridhika, na mrashi ukasalimika. Leo mizani imepanda na kunipita. Sonara aweza kutoa pesa taslimu asubuhi hiyohiyo, bila kuuliza swali hata moja, kwani kwake yeye nakshi ni kazi ya bure iliyokwisha kufanywa na mtu mwingine. Akiisha kupima, huubana mrashi kwa koleo ili uingie kalibuni, maana shingo ni ndefu na haiingii. Sauti ya kuvunjika kwake ni ndogo sana.

Simlaumu sonara. Yeye ana kodi ya duka, na fedha ni mali yake ya kazi kama mbao kwa seremala. Wala simlaumu anayeuza. Aghalabu muuzaji ni mwanamke, na vyombo hivi ni mali yake mwenyewe, alivyopewa na mamaye au alivyopata katika ndoa, na hana wa kumwomba ruhusa. Akiwa na mgonjwa hospitalini au karo ya mtoto, nani atamwambia akae na fedha yake aitazame?

Lakini iko sababu nyingine isiyosemwa sana, nayo ni mirathi. Nyumba yaweza kukaliwa na warithi kumi, na shamba laweza kukatwa, lakini mrashi mmoja haugawanyiki baina ya watoto watatu wa kiume na wawili wa kike. Basi wakubwa hukaa, wakasema: pelekeni kwa sonara, upimwe, kila mtu apate haki yake. Kwa hesabu ni sawa kabisa. Walakini sheria yetu ina mlango mwingine ambao watu wengi wameusahau, yaani takharuj: warithi wakiridhiana, mmoja wao aweza kuchukua kitu chenyewe na wenzake wakapewa thamani yao. Nimewahi kuona ndugu wa nyumba moja ya Lamu wakifanya hivyo kwa mrashi na chetezo chake, dada mkubwa akawalipa wenziwe kidogo kidogo kwa muda wa mwaka mzima. Vyombo hivyo vimo nyumbani humo mpaka sasa, na siviuzii jicho.

Sasa tuitazame serikali. Tunayo Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006, na kabla yake tulikuwa na ile ya mambo ya kale ya mwaka 1983. Sheria hii yasema kuwa kitu cha kale ni kile kinachohamishika, kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Kufanya biashara ya kitu kama hicho kunahitaji leseni, na kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Mwaka 1895 ndio mwaka Mwingereza alipoitangaza Himaya yake ya Afrika Mashariki. Yaani ukale wetu unahesabiwa kwa saa ya mtu aliyeingia mlangoni akiwa amechelewa sana! Mji wa Lamu ulikuwa umeishi karne nyingi, na ulikuwa bado unafua fedha yake baada ya mwaka huo kama ulivyofua kabla yake. Mrashi uliofuliwa mwaka 1890 una ulinzi. Mwenzake uliofuliwa na fundi yuleyule, kwa nyundo ileile, mwaka 1900, hauna.

Tena sheria hiyohiyo ikakumbuka milango. Mlango au fremu ya mlango iliyonakshiwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Kimashariki kabla ya mwaka 1946 ni kitu kilicholindwa. Vyema sana, kwani bila ya hivyo pengine Lamu ingalibaki na matundu matupu kwenye kuta zake. Siwa za Lamu na Pate, ambazo zilikuwa pembe za wafalme, zimehifadhiwa. Basi kilicholindwa ni kile ambacho mgeni hukiona akiwa njiani, na kile kilichopulizwa mbele ya watawala. Kilichokaa ndani katika vidaka, mikononi mwa wanawake, sheria imekipa mwaka 1895 na kukiacha hapo. Sidhani kama ilikuwa kwa makusudi. Nadhani waliotunga sheria walikuwa wanaume waliopokelewa barazani, wakanywa kahawa, wakaondoka.

Nitoke kidogo nje ya mwambao, kwa sababu liko jambo la kujifunza kwa wakusanyaji wenzangu wa Ulaya. Huko Uingereza na Uholanzi wako watu wanaokusanya vyombo vya kioo vya kuoteshea vitunguu vya maua. Si vitunguu vya kupikia. Ni mashina ya ua ambalo Waturuki huliita sümbül, lenye harufu kali nzuri, ambalo asili yake ni pande za Uturuki na Shamu. Chombo chake kina mdomo mpana kama kikombe. Kitunguu hukaa juu, mizizi ikashuka majini, na ua likachanua sebuleni wakati wa baridi. Ni kioo cha kawaida tu, chengine kiliuzwa kwa bei ya mkate. Hata hivyo leo watu huvisaka minadani na katika masoko ya vitu vikuukuu, wakaviandikia vitabu.

Kwa nini? Nguvu yao moja ni daftari. Kuanzia mwaka 1842 mpaka 1883 mtengenezaji wa Kiingereza aliyesajili umbo la bidhaa yake aliweza kuitia alama ya almasi yenye herufi na tarakimu, na mkusanyaji wa leo akiisoma alama hiyo hujua siku, mwezi na mwaka wa kusajiliwa. Chombo cha senti chache kina cheti cha kuzaliwa. Mrashi wetu wa reale tisa hauna. Fundi wa mwambao hakuwa na desturi ya kugonga jina, na daftari la pekee ni kichwa cha bibi aliyeurithi. Bibi akifa, mrashi huwa gramu 250.

Mwaka juzi niliitwa nyumba moja ya Kibokoni. Bi mkubwa mwenyewe alikuwa ameketi kitandani, mrashi ameuweka juu ya mto kama mtoto mchanga. Nikauliza bei. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, wewe wanunua fedha au wanunua mrashi?" Nikamjibu kuwa nanunua mrashi. "Basi kaa kitako usikize," akasema. Akanieleza kwamba nyanya yake alizichanga reale nane kwa kushona kofia, ya tisa akapewa na mumewe, na fundi wa Lamu alichukua Mfungo mzima wa Tano kuumaliza ili uwahi maulidi ya Mfungo Sita. Upande mmoja wa tumbo una kovu dogo. Hapo, alisema, ulianguka siku ya arusi ya mamaye, na wanawake wakapiga vigelegele zaidi ili bibi arusi asitishike. Niliyaandika yote hayo mbele yake, nikamsomea, akanisahihisha mahali pawili. Nililipa zaidi ya mizani, naye alikuwa na haja na pesa hizo kwa ajili ya mjukuu. Lile kovu, ambalo mnunuzi wa London angelitaja kuwa ni kasoro na kupunguza bei, kwangu ndilo lililonifanya niuchukue.

Wako vijana wanaoniuliza namna ya kuanza. Nawaambia waanze na kioo, kwa sababu kioo hakiyeyushwi na sonara na bei yake bado ni ya ubinadamu. Mirashi mingi ya kioo iliyofika huku katika karne ya 19 ni ya Bohemia, ambako wenye viwanda walikuwa wakitengeneza kioo cha rangi chenye dhahabu mahususi kwa nchi za Kiislamu. Iko pia ya Beykoz, upande wa Asia wa mlango wa bahari wa Istanbul, maarufu kwa ile yenye mistari inayojipinda ambayo Waturuki huiita jicho la bulbuli. Geuza chombo chini. Kioo kilichopulizwa kwa mdomo huwa na kovu kitakoni mahali fimbo ya fundi ilipokatwa, ama kovu hilo limesuguliwa likawa laini. Tazama mikwaruzo: kitako kilichokaa miaka 100 juu ya sinia hukwaruzika ovyo, kila upande, lakini kilichozeeshwa kwa msasa mikwaruzo yake hukimbilia upande mmoja. Dhahabu nayo huliwa pale mkono unaposhika, shingoni na begani. Ukiona imeliwa chini ya tumbo, mahali ambapo hakuna mtu anayeshika, shuku.

Kuna vile vichupa vya Uajemi vyenye shingo iliyopinda kama ya bata maji. Muuzaji atakwambia kuwa wake wa askari walilia ndani yake waume wao wakiwa vitani. Ni hadithi tamu, na huongeza bei. Ni ya wauzaji zaidi kuliko ya wanahistoria. Vilikuwa vyombo vya marashi na maua kama vyenginevyo.

Kwa shaba na fedha, hatari ni nyingi zaidi. Moradabad, India, ni mji mzima wa kufua shaba, na mirashi yake mipya huuzwa pwani yote. Mizuri kabisa kwa kutumia, lakini si ya kale hata ikipakwa matope. Iko mingine yenye herufi EPNS kitakoni, na nimemsikia muuzaji akiapa kuwa ni jina la fundi. Maana yake ni kwamba chuma cha ndani si fedha, kimevishwa fedha kwa nguvu za umeme, kazi iliyopewa hati Uingereza mwaka 1840. Ukikipeleka kwa sonara atakurudishia. Iko mirashi iliyounganishwa, shingo ya huu na tumbo la ule. Ichunguze nakshi kama inavuka kiungo au inakatika ghafla. Na weusi wa fedha usikudanganye, kwani yai la kuchemsha ndani ya mfuko kwa siku mbili tatu litaitia fedha mpya weusi wa bibi kizee.

Tarakimu nazo zisikudanganye. Mtu mmoja ninayemjua alinunua mrashi wenye reale iliyotiwa kitakoni, akafurahi kwa sababu iliandikwa 1780. Karibu reale zote za Maria Teresa zimeandikwa 1780, mwaka aliokufa malkia mwenyewe, na zimeendelea kupigwa na tarehe hiyohiyo mpaka zama zetu hizi.

Mkusanyaji naye si malaika. Mirashi iliyonusurika na sonara mingi haikai hapa. Hununuliwa na dalali, ikaenda Ghuba, ambako wenye uwezo wanatafuta vitu vinavyofanana na vya babu zao, au ikaenda Ulaya, ikaingia mnadani chini ya maneno mafupi: fedha, Afrika Mashariki au Arabuni, karne ya 19 au 20. Maneno hayo ni sawa na kutosema kitu. Anayenunua bila kuuliza chombo kimetoka nyumba gani anafanya kazi ya sonara kwa moto wa polepole. Nami wenzangu wamenilaumu kwa kusema hivyo, wakidai kuwa familia nyingine huona haya kujulikana zimeuza. Ni kweli, na haya hiyo ni ya kuheshimiwa. Lakini jina laweza kufichwa na habari ikaandikwa. Katika daftari langu kuna nyumba ambazo nimeziandika kwa mtaa na mwaka tu.

Nini kifanyike? Sheria ya 2006 inampa Waziri uwezo wa kutangaza aina nyingine ya vitu kuwa vitu vilivyolindwa, kama ilivyofanywa kwa milango. Napendekeza mirashi, vyetezo na vijaluba vya fedha vya mwambao viingizwe, na mwaka uwe uleule 1946. Najua pingamizi: watu wakisikia sheria imekuja, usiku huohuo watavipeleka kalibuni kwa siri, na tutakuwa tumeharakisha msiba. Kwa hiyo kutangaza peke yake hakutoshi. Makumbusho yapewe fungu la kununua kwa bei iliyo juu ya mizani, hata kama ni vyombo ishirini kwa mwaka, na yule asiyetaka kuuza aandikiwe chombo chake bure: kipigwe picha, kipimwe, na habari yake itiwe katika daftari la Fort Jesus au la Lamu, kisha arudishiwe aende nacho nyumbani. Mwenye cheti mkononi hata akiamua kuuza hatauza kwa gramu.

Hayo yatachukua muda, na mizani haingoji. Mwenye mrashi anaotaka kuutoa leo aweza kufanya mambo matatu kabla ya kufika kwa sonara. Aulize bei kwa watu wawili, mmoja wa mizani na mmoja wa vyombo. Awaulize ndugu zake kama yuko anayetaka kuwalipa wenzake aubakishe. Na amkalishe mkubwa wa nyumba, aandike kwa mkono wake mrashi ulifuliwa wapi, kwa reale ngapi, ukatumika kwa arusi za nani, karatasi hiyo aikunje aitie tumboni mwa mrashi. Kichwa chake hufunguka kwa kuzungushwa kushoto.